Kifua Kikuu cha Ng'ombe na cha Watu katika Kisii na Nyamira

Watu wengi wajua kwamba kifua kikuu hutoka kwa mtu kumwendea mtu kwa njia ya kikohozi. Jambo hilo ni kweli, na ndiyo njia iliyo kubwa kuliko zote. Lakini iko njia nyingine isiyotajwa sana, nayo hupita katika zizi na katika kibuyu cha maziwa. Ng'ombe naye huugua kifua kikuu. Aweza kumwambukiza mtu, na mtu kwa upande wake aweza kumwambukiza ng'ombe. Katika nchi zenye mali, ugonjwa huu umepunguzwa hata umekuwa jambo la nadra kwa watu. Katika nchi nyingi za Afrika ungalipo, na waumiao zaidi ni wale wenye ng'ombe mmoja au wawili, ambao maziwa yao ndiyo chakula cha watoto na ndiyo karo ya shule.

Nchi ya Abagusii yafaa kufikiriwa sana katika shauri hili. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na watu 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Mashamba yamegawanywa baba kwa wana, na wana kwa wajukuu, mpaka yamekuwa vipande vidogo mno. Ndani ya kipande kimoja huwamo nyumba, migomba, mahindi, chai, majani ya nepia na zizi. Ng'ombe hana pa kwenda kulisha. Hukatiwa majani akaletewa alipo, na ukuta wa zizi lake mara nyingi hauko mbali na ukuta wa jiko.

NDUGU WAWILI WABAYA

Vijidudu vya kifua kikuu viligunduliwa na daktari Mjerumani, Robert Koch, aliyetangaza habari hiyo mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Mwaka 1898 Mmarekani Theobald Smith alionyesha kwamba vijidudu vya ng'ombe na vijidudu vya watu si vya namna moja, ingawa ni ndugu. Wataalamu huviita vile vya watu Mycobacterium tuberculosis, na vile vya ng'ombe Mycobacterium bovis.

Mwaka 1901, katika mkutano wa London, Koch mwenyewe alisema kwamba ugonjwa wa ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Sifa zake zilikuwa nyingi, na maneno ya mtu kama huyo hayapuuzwi. Serikali ya Uingereza hata hivyo haikuridhika. Iliweka tume ya wataalamu, nao wakachunguza kwa miaka 10, na mwaka 1911 wakatoa taarifa yao ya mwisho: vijidudu vya ng'ombe humwingia mtu na kumuua, na watoto wanywao maziwa mabichi ndio walio katika hatari kubwa kuliko wote. Tangu hapo hapakuwa na ubishi tena juu ya jambo lenyewe. Ubishi uliobaki ni wa gharama.

JINSI UGONJWA UPITAVYO

Ng'ombe mgonjwa hutoa vijidudu kwa pumzi yake, na ng'ombe aliye karibu huvivuta. Ndiyo maana zizi lililozibwa pande zote, lenye giza na hewa nzito, hulea ugonjwa, ilhali mwanga wa jua huviua vijidudu upesi. Ugonjwa wenyewe huenda polepole sana. Ng'ombe aweza kukaa nao kwa miezi mingi, hata miaka, akila, akizaa na kutoa maziwa, pasipo alama yoyote ya nje. Baadaye huenda akakonda ingawa anakula vizuri, akakohoa hasa wakati wa baridi ya alfajiri, na tezi zake zikavimba. Mwenye ng'ombe angojaye mpaka azione alama hizo amekwisha kuchelewa, kwa kuwa siku zote hizo ndama na ng'ombe wa pembeni wamekuwa wakivuta pumzi ile ile.

Kwa mtu, njia kuu ni maziwa yasiyochemshwa. Si kila ng'ombe mgonjwa atoaye vijidudu katika maziwa; wengi hawatoi mpaka ugonjwa umefika katika kiwele. Lakini maziwa ya nyumba kumi yakimiminwa katika mtungi mmoja wa mchuuzi, ng'ombe mmoja atosha kuyachafua ya wote. Vijidudu vikimezwa havikimbilii mapafu kama vile vya kikohozi. Aghalabu hukaa katika tezi za shingo, katika matumbo na katika mifupa. Mtoto huvimba shingo, uvimbe usiouma sana, ukakaa wiki nyingi, mwisho ukapasuka na kutoa usaha. Mwingine huumwa tumbo na kukonda. Mwingine huliwa mfupa wa uti wa mgongo hata akawa na kibiongo. Mara nyingi wazazi hudhani ni jipu la kawaida, wakanunua dawa dukani, na miezi ikapita.

Njia ya pili ni pumzi. Mtu akamuaye kila siku, afagiaye zizi lililozibwa, au alalaye ukuta mmoja na ng'ombe, aweza kuvuta vijidudu moja kwa moja katika mapafu. Akiugua hivyo, atakohoa na kutoka jasho usiku sawasawa na mgonjwa mwingine yeyote wa kifua kikuu, wala daktari hawezi kumtofautisha kwa kumtazama. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI yu katika hatari zaidi, kwa sababu mwili wake hauna nguvu ya kuvifungia vijidudu.

Nyama iliyopikwa ikaiva haina hatari kubwa. Hatari ni kwa mchinjaji akatae mapafu yenye majipu, na kwa mbwa wanaotupiwa mapafu hayo.

CHAI, NA MAZIWA YASIYOPITA KATIKA CHAI

Yafaa kusifu desturi moja ya Kenya. Watu hutia maziwa, maji na majani ya chai katika sufuria moja, wakayatokosa pamoja. Desturi hii haikuanzishwa na idara yoyote ya afya, lakini huenda imewakinga watu wengi kuliko mafundisho yote yaliyopata kutolewa. Vijidudu vya kifua kikuu hufa maziwa yakikaa katika joto la nyuzi 63 kwa nusu saa, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Maziwa yaliyotokota katika sufuria ya chai yamepita kiasi hicho mbali sana. Kadhalika vijidudu vya homa ya maziwa, iitwayo bruselosisi, hufa katika moto huo huo. Basi kuni moja imefanya kazi mbili.

Shida ni maziwa yasiyopita katika chai. Abagusii wana maziwa yao ya kugandishwa, amabere amaruranu, yanayopendwa pamoja na ugali wa wimbi, na ambayo kila mgeni wa heshima hutazamia kukaribishwa kwayo. Wengi huamini kwamba maziwa yakiisha kuchachuka hayana ubaya, maana uchachu umeua kila kitu. Imani hiyo ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayodanganya. Uchachu huzuia vijidudu vingi vinavyoozesha chakula, lakini vya kifua kikuu vina ganda gumu la mafuta linalovikinga, navyo huweza kuvumilia uchachu kwa siku kadhaa. Mtu atiaye maziwa mabichi katika kibuyu, akayanywa baada ya siku mbili, hajui amekunywa nini.

Haifai kwa sababu hiyo kuwaambia watu waache maziwa ya mgando. Chakula ni kizuri, tena ni urithi wao. Linalotakiwa ni kubadili mpango tu: maziwa yachemshwe kwanza, yaachwe yapoe katika chombo kilichofunikwa, ndipo yatiwe mgando kidogo wa jana na kuwekwa katika kibuyu kilichosafishwa. Yatachachuka vile vile. Ladha hutofautiana kidogo, na bibi mwenye ulimi mkali ataitambua tofauti hiyo, lakini wajukuu wake hawataijali.

Neno jingine lisemwalo ni kwamba moto huondoa nguvu ya maziwa, na kwa hiyo mtoto mchanga au mgonjwa apewe yakiwa na joto la kiwele. Ukweli ni kwamba kuchemsha hupunguza baadhi ya vitamini, lakini mafuta, protini na chokaa iimarishayo mifupa hubaki karibu yote. Mtoto ndiye apaswaye kupewa maziwa yaliyochemshwa kuliko mtu yeyote nyumbani. Katika nyumba nyingine mambo huenda kinyume: baba hunywa chai iliyotokota mara mbili, na mtoto hupewa kikombe kilichotoka zizini.

NG'OMBE WA ZAMANI NA NG'OMBE WA SASA

Zamani Abagusii walikuwa na makundi makubwa, na vijana wao waliyalinda katika kambi za ng'ombe zilizoitwa ebisarate, mpaka serikali ya kikoloni ilipozivunja mwanzoni mwa karne ya 20. Ng'ombe wale wenye nundu walitoa maziwa machache, lakini walitembea juani mchana kutwa. Baadaye, na hasa baada ya mpango wa kilimo ulioitwa kwa jina la Swynnerton wa mwaka 1954, wakulima Waafrika walihimizwa kupanda mazao ya biashara na kufuga ng'ombe wa gredi. Watu wa milima hii waliupokea mpango huo kwa bidii. Ng'ombe mwenye damu ya Friesian au Ayrshire hutoa maziwa mengi sana kuliko yule wa asili.

Faida hiyo ina upande wa pili, na wenye ng'ombe hawakuelezwa upande huo vya kutosha. Uchunguzi uliofanywa Ethiopia umeonyesha kwamba ng'ombe wa Friesian hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wale wenye nundu, na kwamba ugonjwa huzidi pale ng'ombe wanapofungiwa pamoja kuliko pale wanapolisha uwandani. Hakuna atakayewashauri watu wa Kisii warudie ng'ombe wa nundu. Hawana malisho, na watoto ni wengi. Lakini ng'ombe wa gredi ndani ya zizi lililobanwa ni mali ihitajiyo uangalizi ambao ng'ombe wa babu hakuuhitaji.

Upo pia uheri fulani. Mwenye ng'ombe mmoja afungaye zizi lake, asiyechanganya mnyama wake na wa jirani, na ampandishaye kwa mbegu iletwayo na mtumishi wa mifugo badala ya fahali azungukaye mji mzima, amekwisha kuziba milango mingi. Mlango ubakio wazi ni soko. Ng'ombe wauzwao katika masoko ya huku hutoka pande nyingi, na wengine huvuka mpaka kutoka Narok na nchi ya Wakipsigis. Hakuna awezaye kusoma pumzi ya ng'ombe kwa kumtazama meno.

NCHI NYINGINE ZILIVYOSHINDA

Iko sindano ya kumpima ng'ombe. Mtaalamu humdunga katika ngozi ya shingo kiasi kidogo cha tubakulini, yaani maji yaliyotengenezwa kutokana na vijidudu vilivyouawa. Baada ya saa 72 hurudi kuipima ngozi. Ikivimba kupita kiasi, ng'ombe huyo ameambukizwa, hata kama anang'aa kwa afya.

Marekani ilianza mwaka 1917 kuwapima ng'ombe wa nchi nzima kwa sindano hiyo na kuwachinja wote walioonekana wagonjwa, na kufikia mwaka 1940 ugonjwa ulikuwa umebaki kidogo sana katika kila wilaya. Uingereza ilichelewa. Katika miaka ya 1930 karibu ng'ombe wa maziwa 40 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa huko. Serikali ilianza mwaka 1935 kuwalipa nyongeza wafugaji wenye makundi safi. Kuanzia mwaka 1950 ikasafisha jimbo baada ya jimbo, na mwaka 1960 nchi nzima ikawa imepimwa. Hata hivyo ugonjwa haukutoweka. Mwaka 1971 ulikutwa katika mnyama wa mwituni afananaye na nyegere, na tangu hapo umekuwa ukirudi katika mashamba ya magharibi mwa nchi hiyo. Afrika Kusini nayo iliugundua ugonjwa katika nyati wa mbuga ya Kruger mwaka 1990. Kisii na Nyamira hazina makundi ya nyati wala msitu mkubwa wa kuuficha ugonjwa. Huo nao ni uheri.

Kazi ile ya Marekani na Uingereza ilisimama juu ya fedha. Mfugaji aliyechinjiwa ng'ombe wake alilipwa. Na hapa ndipo shauri linapokuwa gumu kwa nchi isiyo na mali. Mjane mwenye ng'ombe mmoja wa gredi anapoambiwa na mtumishi wa serikali kwamba ngozi imevimba, na kwa hiyo mnyama huyo hana budi kuchinjwa, anaambiwa kwa kweli kwamba maziwa ya mwaka huu, ndama wa mwaka ujao, samadi ya migomba na karo ya muhula vimekwisha siku moja. Asipolipwa, atafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: atamuuza ng'ombe huyo usiku kwa mtu wa mbali asiyejua habari zake. Hivyo sindano iliyoletwa kuuzuia ugonjwa itakuwa imeusafirisha. Kupima bila kulipa ni kazi mbaya kuliko kutopima.

Kwa sababu hiyo yafaa kukumbuka habari za Denmark, isiyozungumzwa sana. Katika miaka ya 1890 mtaalamu wa nchi hiyo, Bernhard Bang, aliona kwamba wagonjwa ni wengi mno, na nchi haiwezi kuwachinja wote. Akashauri ng'ombe wapimwe, wagonjwa watengwe na wazima, na ndama watolewe kwa mama zao mapema na kulishwa maziwa yaliyochemshwa. Kwa kuwa aliona kwamba ndama wa ng'ombe mgonjwa aghalabu huzaliwa mzima, akaambukizwa baadaye. Mwaka 1898 sheria ya huko ikaamuru maziwa yarudishwayo mashambani kutoka viwandani kwa ajili ya ndama yapashwe moto kwanza. Wagonjwa waliendelea kukamuliwa mpaka siku zao zilipokwisha, na kizazi kipya kikakua pembeni kikiwa safi. Ilichukua miaka mingi, lakini mfugaji hakufilisika.

Mpango kama huo hauwezi kunakiliwa Kisii neno kwa neno. Mwenye zizi moja hawezi kuwa na mazizi mawili. Lakini sehemu yake ya ndama yawezekana leo hii, maana maziwa yanayochemshwa kwa watoto yaweza kuchemshwa kwa ndama pia. Na chama cha ushirika cha maziwa, chenye wanachama wengi, chaweza kukubaliana juu ya mambo ambayo mtu mmoja hawezi. Katika Borabu, ambako mashamba ya makazi mapya yaliyogawiwa katika miaka ya 1960 ni mapana kuliko ya Kisii, kutenga ng'ombe si jambo la ndoto.

HESABU ISIYOONEKANA

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao 140,000 waliugua kifua kikuu cha wanyama duniani, karibu nusu yao wakiwa Afrika, na watu 11,400 walikufa. Mwaka 2017 shirika hilo, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo na lile la Afya ya Wanyama, lilitangaza mpango wa pamoja wa kupambana na ugonjwa huo. Hesabu hizo ni makadirio, kwa sababu nyepesi kueleza. Mashine ipimayo makohozi katika hospitali nyingi husema tu kwamba kifua kikuu kimo; haisemi kama vijidudu ni vya mtu au vya ng'ombe. Kuvitofautisha kwahitaji maabara kubwa. Kwa hiyo mtoto wa Ogembo au wa Nyansiongo aliyeambukizwa na maziwa huandikwa katika daftari kama mgonjwa wa kifua kikuu, basi, wala hakuna aulizaye ng'ombe yuko wapi.

Pale watu walipouliza, walipata. Wataalamu wa Tanzania walichapisha mwaka 2001 habari za wagonjwa wenye uvimbe wa shingo waliokutwa na vijidudu vya ng'ombe. Katika Karamoja, Uganda, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta vijidudu hivyo katika tezi za wagonjwa wa jamii za wafugaji. Nchini Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 uliviona katika ng'ombe waliochinjwa katika machinjio ya karibu na Nairobi, ambayo hupokea ng'ombe kutoka pande nyingi za nchi.

Hata hivyo, Kenya ilipopanga mwaka 2015 magonjwa ya wanyama yaambukizayo watu kwa uzito wake, matano ya kwanza yalikuwa kimeta, malale, kichaa cha mbwa, bruselosisi na homa ya Bonde la Ufa. Kifua kikuu cha ng'ombe hakikuwamo. Kimeta huua ng'ombe kwa siku moja, na kijiji kizima huona. Kifua kikuu huua polepole, mmoja mmoja, na ugonjwa usioonekana haupewi fedha.

YANAYOWEZEKANA SASA

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeweka huduma za madaktari wa wanyama ndani ya huduma za afya za kaunti, katika orodha ile ile ya zahanati na magari ya wagonjwa. Machinjio nayo yako chini ya kaunti. Basi daktari wa watu na daktari wa ng'ombe katika Kisii, na vivyo hivyo katika Nyamira, wana mwajiri mmoja. Hakuna sheria mpya itakiwayo ili wasemezane.

Mkaguzi wa nyama ndiye mlinzi asiyethaminiwa vya kutosha. Hupasua tezi za kichwa, za mapafu na za matumbo, akitafuta majipu ya manjano yaliyo kama jibini, ambayo mara nyingine hukwaruza kisu kama mchanga. Akiyakuta mahali pamoja tu, sehemu ile huondolewa na nyama iliyobaki yaweza kuruhusiwa. Akiyakuta mwili mzima, yote hutupwa. Mwenye ng'ombe mzee mwenye shaka afahamu jambo hili: kumpeleka machinjioni si lazima kumpoteze mali yote. Kinachopotea siku hizi ni habari. Jipu likikutwa na kutupwa, yafaa iandikwe ng'ombe alitoka boma gani, na habari hiyo ifike zahanati iliyo karibu na boma hilo, ili waliokunywa maziwa yake wachunguzwe. Mnyama achinjwaye migombani kwa ajili ya matanga au sikukuu, pasipo mkaguzi, hufa na siri yake.

Njia ile ile yapaswa kupitwa kwa kurudi. Mtu akipatikana na kifua kikuu, wahudumu wa afya ya jamii huenda nyumbani kwake kuwatazama watoto na mkewe. Waongeze hatua ishirini mpaka zizini. Wakikuta ng'ombe akonda na kukohoa, wamwite mtumishi wa mifugo. Wala wasisahau kwamba mgonjwa mwenyewe aweza kuwa ndiye amwambukizaye ng'ombe: vijidudu vya watu vimewahi kukutwa katika ng'ombe mahali mbalimbali. Mtu anayekohoa asipewe kazi ya kukamua wala kulisha mpaka dawa zimefanya kazi, na makohozi yasitemwe juu ya majani ya ng'ombe.

Juu ya kununua ng'ombe, neno ni moja: mnunuzi wa ng'ombe wa gredi aulize habari za kundi alikotoka, na ikiwezekana watu kadhaa wa chama kimoja wachangie malipo ya sindano ya tubakulini kabla fedha hazijatoka mkononi. Hapo kupima hakumfilisi mtu. Ng'ombe akivimba, hanunuliwi.

CHANJO YATOKAYO KWA NG'OMBE

Watoto wa Kenya huchanjwa BCG wanapozaliwa. Si wengi wajuao kwamba chanjo hiyo ilitokana na vijidudu vya ng'ombe. Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, mmoja daktari wa watu na mwenziwe daktari wa wanyama, walivikuza na kuvihamisha mara 230 kwa miaka 13 mpaka vikapoteza ukali, na mtoto wa kwanza akapewa mwaka 1921. Kwa miaka mingi ndama hawakupewa, kwa kuwa ndama aliyechanjwa huvimba akipimwa kwa tubakulini kama mgonjwa. Mwaka 2024 ilichapishwa habari ya jaribio lililofanywa Ethiopia: ng'ombe waliochanjwa BCG walipunguza kuenea kwa ugonjwa kwa karibu asilimia 89, na vipimo vipya vinatengenezwa vya kumtofautisha aliyechanjwa na aliyeambukizwa. Kwa nchi isiyoweza kuchinja na kulipa, hiyo ni habari kubwa, ingawa chanjo ya ndama bado haijafika kwa mkulima wa kawaida.

MGONJWA AFANYEJE

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali nchini Kenya. Mpango wa kawaida ni wa miezi sita, na majaribio yaliyouthibitisha mpango mfupi wa namna hii yalifanywa Afrika Mashariki yenyewe, matokeo ya kwanza yakichapishwa mwaka 1972. Lakini moja katika dawa nne za miezi ya mwanzo, iitwayo pirazinamidi, haivifanyi kitu vijidudu vya ng'ombe. Ndivyo vilivyo kwa asili yake. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo huenda akahitaji matibabu marefu kuliko mwenzake, na daktari hawezi kujua asipoambiwa.

Basi mzazi ampelekaye mtoto mwenye uvimbe wa shingo uliokaa zaidi ya wiki mbili, au mtu mzima mwenye kikohozi cha muda huo, asingoje kuulizwa. Amweleze mhudumu kwamba nyumbani wana ng'ombe, kwamba maziwa hunywewa mabichi au hugandishwa bila kuchemshwa, na kama yuko ng'ombe aliyekonda au aliyechinjwa akakutwa na majipu mapafuni.